Maji ya Bomba la Juu

Kuna miezi ambayo niliyachukia mawingu. Nilikuwa kwenye meza yangu pale Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, maana kazi yangu ni wakala wa forodha, madereva wa malori wamenizunguka na makaratasi yao, lakini macho yangu yako mlimani. Wingu likitanda upande wa Kasese, nilimpigia baba simu. Mvua imenyesha? Mto umefika wapi? Alinijibu kila mara kwamba mto uko mahali pake na yeye yuko mahali pake. Kisha alikata simu, kwa sababu kwake simu ni ya kusema jambo, si ya kukaa nayo sikioni.

Baba aliishi bondeni, juu ya mji wa Kasese, katika zile nyumba za mstari zilizojengewa wafanyakazi wa mgodi wa shaba. Alikuja kijana kutoka magharibi ya Kenya, akawekwa kwenye pampu, na maisha yake yote ya kazi alivuta maji kutoka matumbo ya mlima. Shaba ilipoacha kuchimbwa, wenzake wengi walikwenda kwenye kiwanda cha saruji au walirudi kwao. Yeye alibaki na wale wachache wa kuvuta maji ili mashimo yasijae. Alipostaafu hakuhama. Mama alifia pale, ndugu zangu wakatawanyika, na mimi nikaolewa Bwera, karibu na Mpondwe, na mkulima wa kahawa aliye pia mzee wa kanisa, Mkonzo wa milima hii, mpole hata kuku wake hawamwogopi.

Tatizo lilikuwa mto. Mto ule ukikasirika hauleti maji peke yake, unaleta mawe makubwa na miti yenye mizizi yake. Msimu mmoja ulichukua jiko la jirani. Msimu uliofuata ulikula udongo hadi choo cha baba kikawa kinaning'inia ukingoni, na yeye akaendelea kukitumia. Nilipokiona kile choo nilirudi Bwera nikamwambia mume wangu kwamba baba anakuja kukaa nasi, na sitaki mjadala. Mume wangu hakuwa na mjadala. Alipaka rangi chumba cha mbele, akanunua kitanda kipana, akatundika pazia kwa mikono yake mwenyewe, limepinda upande mmoja.

Baba naye alikubali upesi kuliko nilivyotarajia. Aliweka sharti moja tu. Alikuwa na gari lake, la bluu, kuukuu, buti halifungi mpaka ulipige kofi. Alisema hataingia Bwera akiwa mzigo kwenye gari la watu.

"Mimi itaingia na gari yangu," alisema. "Siku hiyo gari itafika Bwera bila kuchemka, hiyo siku mimi nimehama."

Nikaona hilo ni sharti la mtoto. Gari ni vyuma, na vyuma vina mafundi. Jumamosi iliyofuata nilikuja na taksi mapema, nikakuta ameshaliosha na kujaza maji kwenye rejeta. Nikashika usukani. Kasese hadi mstari wa ikweta tulikwenda vizuri, barabara imenyooka, nyika ya mbuga pande zote mbili. Tukakata Kikorongo kuelekea Bwera. Barabara ilipoanza kupanda, mshale wa joto nao ukaanza kupanda. Nikazima redio, kana kwamba redio ndiyo iliyokuwa inapasha injini. Kabla ya Kisinga mvuke ulitoka chini ya boneti, na harufu ya mpira ulioungua ikajaa ndani.

Nilishuka nikalizunguka lile gari, nikaligonga tairi, nikaongea nalo maneno ambayo mke wa mzee wa kanisa hapaswi kuyasema. Baba alikaa kando ya barabara akila karanga. Lilipopoa alikwenda kwenye buti, akatoa jerikeni lake la njano, akamimina mwenyewe. Nilipotaka kumsaidia alinisogeza kwa kiwiko. Kisha akasema turudi, maana sharti ni sharti, na gari limechemka. Tukarudi bondeni, mteremko, mshale umetulia chini kabisa.

Nitasema ukweli kuhusu tabia yangu: siwezi kukaa na swali. Wenzangu forodhani wanajua, karatasi ikikwama kwa ofisa nitasimama mlangoni kwake hadi anichoke. Usiku huo sikulala vizuri. Maji yalikwenda wapi? Tuliondoka na rejeta imejaa, tukarudi tumemimina karibu jerikeni zima, na chini ya gari hakukuwa na hata tone. Maji hayana mabawa.

Wiki iliyofuata nilianza uchunguzi wangu. Nilitandika kadibodi chini ya injini nikaiacha tangu asubuhi hadi mchana. Ilibaki kavu. Nikanunua kifuniko kipya cha rejeta, kwa sababu mtu mmoja pale sokoni aliniambia kifuniko kikilegea maji huruka kama mvuke bila kukuaga. Tukajaribu tena safari, gari likachemka mahali palepale. Nikabadilisha mpira wa juu wa rejeta, na vibano vyake. Likachemka. Nikainua zulia upande wa abiria nikapapasa kama kuna unyevu, maana kuna rejeta ndogo ya kupasha joto ndani, nayo huvuja kimyakimya miguuni pa watu. Pakavu. Baba alikuwa akinitazama kutoka kizingitini bila kuniambia acha wala endelea. Nilimuuliza kama pampu ya maji iko sawa. Akanijibu kwamba pampu ni mpya, aliifunga kwa mikono yake. Basi habari ya pampu ikaisha. Nani atabishana na mtu aliyelala na pampu zaidi kuliko alivyolala na mkewe?

Mvua za msimu zilikuwa zinakaribia. Mawingu yalianza kukaa mlimani tangu saa za asubuhi, na mimi nikaanza kukosea hesabu za mizigo. Nikamchukua fundi wetu wa Bwera, mtu aliyevuka kutoka Kongo miaka mingi iliyopita akafungua gereji chini ya mwembe, nikampakia kwenye taksi pamoja na mfuko wake wa spana, nikampeleka bondeni.

Fundi naye alikuwa na haraka zake. Alisikiliza hadithi yangu nusu, akasema ni gasketi ya hedi imeungua na maji yanaingia ndani ya injini, tufungue. Nikakataa kufungua injini kwa kubahatisha. Tukavuta kijiti cha oili: oili nyeusi, safi, haijachanganyika na maji ikawa kama chai ya maziwa. Akaniweka nyuma ya gari ninuse moshi wakati yeye anakanyaga mafuta. Haukuwa mweupe, wala haukuwa na mvuke. Akafungua rejeta injini ikiwa baridi, akaiwasha, tukakodoa macho tuone kama kuna mapovu ya hewa ya silinda. Hakuna. Akakuna kichwa, kisha akatoa themostati, kile kijimlango kinachozuia maji hadi injini ipate joto, akaiweka mfukoni, akasema huku kwetu ni joto, hiyo kitu ni ya wazungu wa baridi. Kila fundi wa huku anasema hivyo. Kutoa themostati ndiyo dawa yao ya kwanza, kama panadol.

Dawa ile haikuponya, lakini ilitufumbua macho. Njia ya maji sasa ilikuwa wazi kabisa, hakuna mlango wa kuyazuia. Fundi aliwasha tena, kifuniko kikiwa wazi, akaniambia nikanyage mafuta taratibu huku yeye anachungulia. Nikakanyaga. Akasema zaidi. Nikakanyaga hadi injini ikalia. Akanyanyua mkono nizime.

"Mama, kuja uone," aliniita. "Moteri inakimbia, maji imesimama. Haitembei hata kidogo."

Akaingiza kidole nyuma ya puli, chini ya pampu, kwenye kile kitundu kidogo ambacho kazi yake ni kudondosha maji pampu inapoanza kufa. Kidole kilitoka na ukoko wa kijani uliochanganyika na weupe. Maji yalikuwa yakitoka pale, tone kwa tone, injini ikiwa moto tu, yakikaukia kwenye chuma kabla ya kufika chini. Ndiyo maana kadibodi yangu ilikaa kavu. Nilifurahi hadi nikapiga makofi. Nilisema kwa sauti, ili baba asikie, kwamba hata pampu mpya inaweza kuwa mbovu, si kosa la mtu.

Baba aliingia ndani.

Fundi alifungua pampu. Ilichukua muda, bolti zilikuwa zimeshikana. Alipoitoa alinipa tu niishike. Pampu ya maji ina kigurudumu ndani yake chenye mapanga, ndicho kinachosukuma maji yazunguke. Kigurudumu kile hakikuwa na mapanga. Yalikuwa yameliwa hadi yakabaki meno mafupi yenye vitundu, na kingo zake zimekuwa nyembamba kama kaki ya sambusa.

"Hii haijazeeka," fundi alisema. "Hii imekuliwa. Ni maji gani munatia humu?"

Nilikuwa nakifahamu kitu kile. Nilikuwa nimekijua tangu nikiwa natambaa. Mlangoni kwa baba, miaka yote, kuna chuma kizito cha kuzuia mlango usijifunge na upepo. Ni kigurudumu cha pampu ya mgodini, kikubwa kama sinia, kilicholiwa vilevile, mapanga yamebaki meno. Tukiwa wadogo tulikuwa tunaingiza vidole kwenye vitundu vyake. Baba alikuwa akituonyesha na kutuambia: oneni maji ya mlimani yanavyofanya. Yanakula chuma. Na juu ya nyumba zetu kulikuwa na bomba lililotoka kwenye handaki la zamani, likimwaga mchana na usiku maji meupe, mazuri kwa macho. Mtoto aliyekamatwa anakunywa pale alichapwa. Kuhusu gari, baba alikuwa na pipa la maji ya mvua kwa ajili ya gari peke yake, na mama alikuwa akimtania kwamba analipenda gari kuliko yeye.

Nilikwenda kwenye buti nikatoa jerikeni la njano. Nikatia maji kiganjani, nikaonja kwa ncha ya ulimi. Yalikuwa makali na machungu, yana ladha ya sarafu. Ndani ya mdomo wa jerikeni kulikuwa na mviringo wa kijani.

Watu husema kikulacho ki nguoni mwako. Sikuwahi kuusikia ule msemo ukiniuma namna ile. Hasira ilinipanda. Jumamosi zangu zote, taksi zangu, kadibodi, kifuniko, mimi na magoti yangu kwenye changarawe, na yeye kakaa kizingitini ananitazama. Nilimwambia fundi akanawe mikono kwa jirani, asirudi haraka. Nikaingia mlangoni, nikakiweka kile kigurudumu kidogo sakafuni kando ya kile kikubwa. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti chake, kofia iko gotini.

Alivitazama vyote viwili. Hakujifanya haelewi, na kwa hilo namshukuru.

"Nilijua," alisema.

Nikamuuliza kwa nini. Nikamuuliza kwa ukali, sikuficha, kama ninavyowauliza madereva waliopoteza makaratasi. Kama hakutaka kuhama, kwa nini hakusema? Akaniuliza na yeye.

"Mama, huko kwako, mimi nitalala wapi?"

Mama ndivyo alivyoniita siku zote, kwa sababu nina jina la mama yake. Nikamwambia atalala chumba cha mbele, chenye kitanda kipya.

"Nyumba ni ya nani?"

Nikataka kujibu kwamba ni yetu. Nikakumbuka ni ya mume wangu.

"Kwetu mzee halali kwa mkwe," alisema. "Chai atakunywa. Kuku atakula. Lakini kulala, apana. Mtu amelala kwa mkwe, hiyo imemaliza boma yake. Na bwana yako alipaka ile chumba rangi. Akanionyesha pazia. Sasa mimi ningemwambia namna gani? Afadhali gari ikatae, si mimi."

Nilikaa chini, pale pale sakafuni, karibu na vile vyuma. Nilikumbuka baba alipokuja Bwera, siku mzaliwa wangu wa kwanza alipozaliwa. Alimpakata, akamwombea, akanywa chai vikombe viwili, na jua lilipoanza kulala alisimama akaomba njia. Alifanya hivyo tulipobariki nyumba, na Krismasi, na siku mume wangu alipokuwa mgonjwa. Tulikuwa tunacheka kwamba mzee anakipenda kitanda chake. Mimi nilizaliwa hapa, nikakua na watoto wa Kikonzo na wa Kitoro, na mila za kwao baba nilizijua kama mtu anavyojua nyimbo za redio, bila kuzisikiliza. Hakuna aliyenifundisha, na mimi sikuuliza.

Nilimwambia mto utakuja. Nililia nikisema hivyo, na sikujali.

"Mto mimi najua," alisema. "Nimeishi na maji. Ile ingine siwezi."

Huyu ni mtu aliyenichapa kwa kunywa maji ya bomba lile, na ameyamimina kwa mkono wake ndani ya kitu anachokipenda, apate kukaa karibu na mto unaomtafuta, asimvunjie heshima mkwe wake. Nilitaka kumtikisa mabega. Nilitaka pia kumkumbatia, lakini sisi hatukumbatiani. Nikamuuliza: na kama nyumba itakuwa yake? Si chumba kwetu. Nyumba yenye ufunguo wake.

Alivaa kofia. Alifikiri.

"Mlango wake inaangalia wapi?" aliuliza.

Nilitoka nje nikampigia mume wangu simu, nikamweleza yote kwa pumzi moja, chumba, rangi, pazia, maji. Niliogopa ataumia. Akasema mzee angemwambia tu, yeye naye ana baba mkwe mmoja na hakutaka kumkosea. Halafu akavaa gambuti zake. Jioni ile ile alizunguka Bwera akauliza, na kabla sijafika nyumbani alikuwa amepata nyumba ya vyumba viwili ya mjane mmoja, mwendo mfupi kutoka kwetu, nyuma ya kanisa. Mlango wake unatazama milima. Ukisimama pale huoni paa letu.

Fundi aliosha njia zote za maji kwa maji safi ya jirani hadi zikatoka safi, akafunga pampu mpya, akarudisha themostati kutoka mfukoni kwake kwa aibu kidogo. Rejeta nayo ilikuwa imeanza kuliwa, tukaibadilisha. Tukatia kulanti, dawa ya kupoza injini, na maji ya mvua. Siku ya safari sikuondoa macho kwenye mshale. Tulipofika Kikorongo ulikuwa katikati. Mlima ulipoanza nilishika usukani kwa nguvu hadi vidole vikafa ganzi, na nilipogeuka kumwambia baba atazame, nikakuta amelala, mdomo wazi, chuma chake cha mlangoni kiko mapajani. Nilisimamisha gari mahali tulipokuwa tunachemkia, kwa mazoea tu, nikashuka, nikasubiri mvuke. Hakukuwa na mvuke. Baba aliamka akaniuliza kama nina matatizo.

Mvua zilikuja mwezi huohuo. Asubuhi moja jirani wa bondeni alipiga simu: mto umeingia kwenye mstari wa nyumba, umechukua choo na chumba cha nyuma, kile alimokuwa analala baba. Hakuna aliyeumia. Nilikimbilia nyumbani kwa baba na viatu visivyolingana. Nilimkuta ameshasikia. Mlango uko wazi, chuma chake kimeuzuia, na yeye amevaa koti la safari.

Alisema twende akaone. Nikaogopa, nikasema tungoje siku nyingine, barabara ina matope. Alikwenda kwenye gari, akafungua boneti, akafungua rejeta. Akatoa jerikeni kwenye buti. Lilikuwa jipya, jeupe. Nikabaki nimesimama pale nyuma yake, na nadhani alinisikia nilivyovuta pumzi, kwa sababu aliacha kumimina kabla hajaanza. Akarudi ndani akaja na kikombe chake cha bati, akakijaza, akanipa kwa mikono miwili.

"Onja kwanza, mama," alisema.

Nikaonja. Yalikuwa maji ya mvua.